Kiti cha Getini

Kibakwe,
12 Mei 2024

Mke wangu Yasinta,

Pokea salamu kutoka huku milimani. Hatujambo, isipokuwa bibi yako Lea, mke mwenzako, ambaye goti lake la kushoto limeanza tena kutabiri mvua zisizokuja. Mbuzi mweusi amezaa pacha. Mwinjilisti wetu amehamishiwa Kondoa na ameaga huku analia, utadhani anapelekwa Ninawi.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Simu unaijua. Mara ya mwisho ulinieleza kwamba unaumwa, nami nikakupongeza. Barua hainilazimishi kuitikia ndiyo ndiyo kwa mambo nisiyoyasikia. Hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, ataiacha ofisini kwako.

Sasa neno lililonishikisha kalamu. Wamenitoa kwenye mashine.

Wewe unafahamu kwamba tangu kiwanda hiki cha kukamua alizeti kifunguliwe, mama yako akiwa bado msichana, mashine kubwa ni mimi. Bosi wa kwanza aliposikia nimetoka vita vya Kagera akanipa rungu palepale. Nikamrudishia, nikamwomba koleo la kulishia alizeti. Bosi wa pili akanipa filimbi. Nayo nikamrudishia. Hapa mjini ukishajulikana ulipigana vita, watu hawakuoni na kazi nyingine yoyote ila kukaa mlangoni na kuwatazama wenzako vibaya.

Huyu wa sasa, Bwana Batholomeo, hakunipa rungu. Alinipa hotuba. Alikusanya wafanyakazi wote, akasema shujaa wetu amechoka, shujaa wetu apumzike, kuanzia leo atakaa getini kwa heshima zote. Wanawake wa kupepeta wakapiga vigelegele. Nikavishwa koti la kijani na kofia. Yaani nimepigiwa makofi kama bwana harusi, na kumbe nilikuwa natolewa kazini. Mashine amepewa Joel, kijana mzuri, ila ana haraka.

Geti lenyewe liko kule chini barabarani, mbali na kila kitu. Siku nzima zinapita pikipiki mbili tatu na ng'ombe wa watu.

Nina ombi moja. Wewe uko ofisi ya serikali, mnajua kuandika yale maneno ya "husika na kichwa cha habari hapo juu". Niandikie barua ya adabu kwa Bwana Batholomeo, imwambie kwamba mzee ameipokea heshima, ameshukuru sana, na sasa anaomba kuirudisha.

Bibi yako anasema ule.

Ni mimi mumeo asiyezeeka,
Nathanaeli

*

Nzuguni, Dodoma,
9 Juni 2024

Mume wangu, babu Nathanaeli,

Shikamoo. Mpe mke mwenzangu shikamoo yake pia, na mwambie goti alikande kwa maji ya moto, asilisikilize utabiri wake. Mimi sijambo. Nisamehe kwa kuchelewa. Huku ni kipindi cha bajeti, ofisini tunashinda na mafaili, mtu anasahau hata jina la mume wake. Nzuguni inaendelea kuota nyumba. Kiwanja cha mbele yangu kilikuwa na mihogo mwezi uliopita, leo kina ghorofa moja na mbwa wawili.

Babu, nimefurahi mno kusikia habari ya geti. Wewe umeiandika kana kwamba ni msiba, lakini mimi nimeisoma mara mbili nikaona heshima tupu. Ni mzee gani hapo Kibakwe aliyewahi kupigiwa vigelegele akiwa hai? Kelele za ile mashine zimekula masikio yako. Vumbi limekula kifua. Sasa umepewa mahali pa utulivu, upepo mzuri, kiti chenye mto na sehemu ya kuegemeza mikono, unasalimiana na watu. Kuna wakurugenzi huku wanaota kustaafu hivyo.

Kuhusu barua uliyoomba, naona tuipe muda. Barua za namna hiyo zikiandikwa haraka zinaweza kuonekana kama hukushukuru. Wewe pumzika kwanza, halafu tutazungumza.

Nimekutumia fulana mbili na dawa ya kuchua kwa kondakta huyohuyo. Ya kuchua ni ya bibi, usijipake wewe.

Nakupenda na uzee wako wote,
Yasinta

*

Kibakwe,
30 Juni 2024

Mke wangu wa Dodoma,

Salamu. Fulana zimefika na zinatosha. Dawa ya kuchua bibi yako ameificha chini ya godoro, nadhani anaogopa nitaijaribu. Pacha mmoja wa mbuzi amekufa, mwingine anaruka.

Barua yako nimeipata. Ile niliyoomba sijaipata.

Kiti ni kweli kina mto, na ni kweli kina mahali pa kuegemeza mikono. Sikumbuki kama nilikuandikia habari za mto. Lakini nimezeeka, labda niliandika.

Basi nikakaa na mambo yangu, nikafikiri. Nikajiambia, Nathanaeli, hawa watu wamekuweka getini kwa kuwa ulikuwa askari. Sawa. Wape askari. Wakichoka watakurudisha ulikotoka.

Jumatatu asubuhi Bwana Batholomeo akafika na gari lake jeupe, akapiga honi. Sikufungua. Nikasimama katikati ya njia na kusema kama tulivyofundishwa: "Simama. Nani wewe?" Akacheka. Mimi sikucheka. Ikabidi ashuke, aseme jina lake, aseme anakwenda kwa nani, akasema anakwenda kwake mwenyewe, nikaandika. Nikafungua buti la gari nikalikagua mpaka chini ya tairi la akiba. Jumanne hivyohivyo. Jumatano akaja na mama mkwe wake, mwanamke mnene mwenye heshima zake kutoka Mpwapwa. Nikamteremsha. Alhamisi nikaweka neno la siri na sikumwambia mtu ni lipi.

Nilikuwa na uhakika kwamba kufika Ijumaa nimefukuzwa.

Ijumaa likaja lori la mashudu, dereva ni Ebenezer, mtoto wa shangazi yake bosi, mtu wa tabasamu. Nikamwambia ashushe magunia. Akaniambia, mzee, haya ni mashudu, chakula cha kuku. Nikamwambia mimi nimefundishwa kutomwamini hata kuku. Akashusha huku jasho linamtoka. Chini ya magunia kulikuwa na madumu ya mafuta, yamelala kimya kama watoto.

Kumbe ndivyo kiwanda kilivyokuwa kinavuja miaka yote. Bwana Batholomeo alikuja mbio, akanikumbatia mbele ya watu. Ameagiza nijengewe kibanda cha bati. Anasema sitatoka getini mpaka Bwana Yesu arudi, na hata yeye atakaguliwa.

Mke wangu, nimejichimbia shimo kwa mikono yangu.

Salamu kwa mbwa wa jirani yako,
Nathanaeli

*

Nzuguni,
21 Julai 2024

Mume wangu afande,

Shikamoo. Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuona nina nini. Nikamsomea. Sasa ofisi nzima inakuita afande. Na kwa kuwa Siku ya Mashujaa ni wiki hii, mmoja akaniuliza, babu yako alipigana sehemu gani? Nikafungua mdomo, nikagundua kwamba sijui. Nimekuwa mjukuu wako umri wangu wote, na kuhusu vita najua tu kwamba ulikwenda ukarudi. Ukipata nafasi niandikie hata mistari miwili, nisiaibike.

Hapa sote wazima. Nimepunguza kula chipsi, mwambie bibi.

Ila kuna jambo linanisumbua. Mke mwenzangu alinipigia Jumatano. Anasema Jumapili ukitoka kanisani hurudi nyumbani. Unakwenda kukaa kwenye mashine ya kusaga unga ya Daudi, na mkononi huna hata kilo moja ya mahindi. Unakaa tu pale kwenye benchi, vumbi la unga linakushukia kichwani, mpaka Daudi anafunga. Anasema pia chakula unakirudisha nusu, na koti la kijani linakupwaya.

Babu, unaumwa? Si ndiyo kwanza umeanza kupumzika?

Wako,
Yasinta

*

Kibakwe,
4 Agosti 2024

Yasinta,

Salamu. Hatujambo.

Kwa Daudi nakwenda kumsalimia Daudi. Ni mtu mzuri na ana benchi. Koti linapwaya kwa sababu mshonaji alimpima mtu mwingine.

Habari za vita waulize waliofundishwa shuleni, wanazijua kwa mpangilio kuliko sisi tuliokuwepo.

Alizeti mwaka huu zimekuja nyingi lakini nyembamba. Upepo umeezua choo cha shule. Bibi yako ana mdomo mrefu kuliko waya wa simu yake.

Nathanaeli

*

Nzuguni,
15 Septemba 2024

Babu,

Shikamoo. Nilikuandikia mwezi wa nane katikati, hukujibu. Nikakuandikia tena mwishoni, nikampa kondakta na soda juu yake ili asisahau. Anasema alikukabidhi mkononi, ukaiweka ndani ya kofia na kumshukuru. Hukujibu.

Leo siandiki kama mke wako. Utani nimeuweka kando, nitauchukua baadaye. Nakuandikia kama mjukuu uliyembeba mgongoni kumpeleka zahanati. Bibi anasema sasa unajibu watu wasiokuwepo. Anasema anapokuletea chakula getini anakukuta umetazama juu, kwenye jua, midomo inacheza. Nilimuuliza babu anasema nini, akanijibu, "Muulize mwenyewe, mimi nilishaacha kumuuliza zamani." Halafu akakata simu, na bibi hakati simu za watu.

Naogopa. Usiponijibu nitakuja hapo Kibakwe nikae mbele ya geti lako mpaka useme, na neno la siri sitalitaja.

Mjukuu wako,
Yasinta

*

Kibakwe,
29 Septemba 2024

Mjukuu wangu,

Bibi yako hajambo, mbuzi hawajambo. Hizo ndizo habari za nyumbani, sasa nisikilize, maana nitasema mara moja.

Tulikuwa na kijana anaitwa Gerson, mtu wa Mpwapwa. Tulipanda treni moja pale Gulwe, tukala mkate mmoja, tukapewa buti kubwa zisizotutosha siku moja. Alikuwa na saa ya mkononi ya baba yake. Kwa saa hiyo alitusumbua kikosi kizima, kila dakika anaitazama na kututangazia, kana kwamba sisi tulikuwa na miadi mahali. Mimi sikuwahi kuwa na saa.

Mchana mmoja mizinga ilitukuta kwenye shamba la migomba, tukiwa tumeshavuka mpaka. Gerson akaanguka karibu yangu. Saa imepasuka, yeye amepasuka. Nikamwekea kichwa chake kwenye mapaja yangu. Hakuomba maji, hakumwita mama yake kama wengine. Aliniuliza, "Nathanaeli, saa ngapi?" Nikatazama jua nikamwambia. Baada ya kidogo akaniuliza tena. Nikatazama jua, nikamwambia. Akawa ananiuliza kama mtu anayesubiri basi na hataki kuachwa. Nikawa namjibu, namjibu, mpaka nikagundua kwamba najibu peke yangu.

Basi, hiyo ndiyo vita yangu. Mengine yote yalikuwa kutembea.

Niliporudi nilidhani yamekwisha. Nikaenda shambani, kukawa kimya, akaniuliza. Kanisani mchungaji anasema tuombe kimoyomoyo, ananiuliza. Bibi yako anafahamu, maana tangu mwaka tuliooana nilikuwa namjibu Gerson usingizini. Halafu wakafungua kiwanda. Siku walipoijaribu mashine nilikuwa mmoja wa watu waliokwenda kushangaa. Wenzangu waliziba masikio wakaondoka. Mimi nilisimama pale mpaka jioni, kifua kinatetema, meno yanatetema, na Gerson hakuniuliza kitu. Ndipo nikaomba kazi. Watu wakaniona mchapakazi, nikapewa na cheti. Hakuna siku niliyokwenda pale kwa sababu ya alizeti.

Masikio haya ya nje yamezeeka. La ndani halijazeeka. Na pale getini mlinitakia utulivu, basi utulivu ni mwingi, nauona wote. Asubuhi hadi jioni ananiuliza. Wapita njia nao, kwa kuwa wanajua mlinzi lazima ana saa, wananisalimia na kuniuliza hilohilo. Zamani nilijua kumtenganisha yeye na wao. Sasa inanichanganya.

Usilie. Nimekwambia kwa sababu uliuliza.

Babu yako,
Nathanaeli

*

Nzuguni,
6 Oktoba 2024

Babu yangu,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Umesema nisilie, nimeshindwa.

Kuna jambo nimekuwa nikilizunguka tangu barua yako ya kwanza. Geti ni mimi. Bwana Batholomeo tulikutana kwenye kikao cha sendofu ya binti wa rafiki yangu hapa Dodoma, akanitajia kiwanda, nikamwambia mimi ni mjukuu wa Nathanaeli. Krismasi nilikuwa nimekuona ukiwa umesimama karibu na ule mkanda wa mashine, mkono unakutetemeka, shati limeachia kifungo, Joel anakuita na wewe husikii. Niliporudi Nzuguni nilikuwa nakuona hivyo kila ninapofumba macho. Nikamwomba akutoe. Nikamwomba akupe kiti, na hata mto niliuchagua mimi. Nikamwambia asikutajie, maana ungekataa. Halafu ukaniandikia mimi, kati ya watu wote duniani, nikusaidie kutoka. Nikakujibu na habari za wakurugenzi.

Nilidhani nakupa raha, babu.

Jana nimempigia. Nimembembeleza, nimemweleza kwamba hali yako si nzuri, akurudishe ndani. Ameniambia, kwa heshima kabisa, haiwezekani. Tangu ukae getini hakijatoka hata kijiko cha mafuta. Anasema mlinzi kama wewe hapati mwingine mkoa mzima, na kwamba wewe mwenyewe hujawahi kumlalamikia. Na hilo ni kweli.

Ninaomba ruhusa kazini nije. Nisamehe.

Yasinta

*

Kibakwe,
27 Oktoba 2024

Mke wangu Yasinta,

Utani wako uchukue ulipouweka, bila huo barua zako zinatisha.

Hatujambo sana. Nimechelewa kujibu kwa kuwa huku kulikuwa na mapinduzi.

Barua yako nilimsomea bibi yako jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoa sufuria motoni, akafunga kanga, akatoka. Nilidhani anakwenda kwa jirani. Alikwenda getini. Akakibeba kile kiti kichwani, mto na mikono yake yote, akapita nacho uwanja mzima wa kiwanda, goti hilohilo lenye kutabiri mvua, wanawake wa kupepeta wamesimama wanamtazama. Akaingia chumba cha mashine na kukiweka pembeni, mahali ambapo mkanda haufiki. Akarudi kunichukua mimi kwa mkono. Akanikalisha.

Bwana Batholomeo akaja anahema. Akasema, "Mama, sasa getini nani?" Bibi yako akamwambia, "Nitakaa mimi."

Na amekaa. Ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, kiti kipya amekikataa. Mimi nilikuwa namkagua Batholomeo buti la gari. Yeye anamkagua ukoo. Kila anayepita anaulizwa ni mtoto wa nani, ameoa wapi, mama yake anaendeleaje, na kwenye gunia kuna nini. Ebenezer, ambaye bosi alimsamehe kwa kuwa ni ndugu, amepita mara moja tu, akatoka amekiri hata mambo ambayo hayahusu mafuta. Nasikia wafanyakazi wamemwendea bosi kumwomba nirudishwe mimi, lakini bosi mwenyewe anamwogopa mama yule.

Mashine anaendesha Joel. Sitaki urudi kwa Batholomeo kuniombea nirudishiwe. Mkono wangu unatetemeka kweli, hapo uliona sawa. Mimi nakaa kando yake tu, inaunguruma, nakula chakula changu chote. Yule kijana wa Mpwapwa ametulia.

Sasa unaniomba nikusamehe kwa jambo ambalo eti sikulijua. Yasinta, nililijua. Batholomeo si mtu wa siri. Siku ile ile ya makofi alininong'oneza kwamba nimshukuru mjukuu wangu, na kwa masikio yangu haya ilibidi aninong'oneze mpaka kiwanda kizima kikasikia. Rungu nililirudisha. Filimbi niliirudisha. Kiti nilishindwa kukirudisha kwa sababu kilitoka kwako, na najua ulikuwa na furaha siku ulipouchagua ule mto.

Ndiyo maana nilikuandikia wewe. Nilitaka uniulize kwa nini sikitaki. Hukuniuliza, ukanitumia fulana. Mimi nami badala ya kukwambia nikaanza kumkagua mama mkwe wa watu. Tumekaa hivyo miezi yote, wewe unanificha wema wako, mimi nakuficha kwamba wema wako unaniumiza, na kila mmoja anamalizia barua yake kwa upendo mwingi.

Njoo tu, ruhusa usiache. Ila siku nyingine ukitaka kunipenda namna hiyo, niulize kwanza.

Mumeo,
Nathanaeli